Munir Said Thalib: wakili aliyeanza na ujira wa vibarua, akamalizwa kwa sumu angani

Tarehe 10 Novemba 2025, Siku ya Mashujaa nchini Indonesia, Rais Prabowo Subianto alitangaza majina ya watu kumi waliopewa heshima ya shujaa wa taifa. Alikuwemo Jenerali Suharto, aliyeitawala nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwemo pia Marsinah, binti wa kiwanda cha saa aliyeuliwa mwaka 1993, zama za Suharto huyo huyo, baada ya kudai nyongeza ya mshahara pamoja na wenzake. Mtawala na aliyedhulumiwa chini ya utawala wake wamewekwa katika karatasi moja, na wote wawili wamepigiwa saluti.

Jina ambalo halimo katika orodha ile ni la wakili aliyesimama na wafanyakazi wenzake Marsinah wakati kuwatetea kulikuwa ni kujitia hatarini. Huyo ni Munir Said Thalib. Aliuliwa mwaka 2004, na mpaka leo hakuna mahkama iliyomtia hatiani mtu yeyote kwa kutoa amri ya kumuua.

Msomaji wa Unguja, Pemba au Lamu akilisikia jina la Said Thalib huenda akahisi kama anasomewa jina la jirani. Hakosei sana. Munir alizaliwa tarehe 8 Disemba 1965 katika eneo la Malang, Java Mashariki, katika ukoo wenye asili ya Hadhramaut. Ni Washihiri wale wale tunaowajua sisi: wengine walipanda majahazi wakaja huku kwetu, wengine wakaenda Java, Sumatra na Malaya. Kule pia walioa, wakafanya biashara, wakajenga misikiti, na watoto wao wakawa wenyeji. Kwa hiyo habari hii tunayoisimulia si ya watu wa mbali sana.

Munir alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Brawijaya, Malang. Alikuwa mwanachama wa HMI, jumuiya kubwa ya wanafunzi wa Kiislamu nchini humo. Mwenyewe aliwahi kusimulia kwamba ujanani alikuwa mkali mno katika mambo ya dini, mtu wa kugombana na wanaotofautiana naye. Kilichombadilisha ni maswali ambayo ukali ule haukuyajibu. Nani yuko upande wa kibarua anayekatwa ujira wake? Nani yuko upande wa mkulima anayenyang'anywa shamba? Ikiwa Uislamu umekuja kuondoa dhulma, mbona yeye na wenzake walikuwa wakishughulishwa zaidi na kumtafuta nani kapotoka?

Mwaka 1989 alijiunga na ofisi ya msaada wa sheria, inayojulikana kwa kifupi LBH, tawi la Surabaya, akafanya kazi katika kituo cha Malang. LBH ilianzishwa mwaka 1970 na wakili Adnan Buyung Nasution, na ilikuwa na msimamo wake kuhusu kazi ya uwakili. Kumshindia mnyonge kesi moja hakutoshi, maana kesho atadhulumiwa mwengine kwa njia ile ile. Wakili akae na wafanyakazi, awasomeshe sheria yenyewe, awafundishe kuhesabu haki zao na kuandika malalamiko yao, ili siku wakili asipokuwepo wawe na la kufanya. Munir alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuwangojea wateja ofisini. Alikuwa akienda walikopanga wafanyakazi wa viwandani, usiku baada ya zamu, na kukaa nao chini. Katika kazi hizo ndipo alipojuana na Bi Suciwati, mwanaharakati wa wafanyakazi pale Malang, na wakaoana mwaka 1996.

Lazima tueleze kidogo hali ya mfanyakazi wa Indonesia wakati ule. Serikali ya Suharto ilitaka wawekezaji, na sifa kubwa iliyowatangazia ni ujira mdogo na utulivu viwandani. Chama cha wafanyakazi kilichotambuliwa kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa mikononi mwa serikali. Aliyetaka kuanzisha chengine alikuwa akitafuta jela. Muchtar Pakpahan, aliyeanzisha chama huru cha SBSI mwaka 1992, alifungwa mwaka 1994 baada ya migomo ya Medan, akakamatwa tena mwaka 1996, na Munir alikuwa miongoni mwa waliomtetea. Zaidi ya hayo, kulikuwa na amri ya Waziri wa Kazi ya mwaka 1986 iliyowapa wanajeshi na polisi nafasi katika migogoro ya kazi. Kwa hiyo tajiri wa kiwanda akigomewa asubuhi, jioni anayekuja kuzungumza na wafanyakazi ni askari.

Hayo ndiyo yaliyomkuta Marsinah. Alikuwa na miaka 24, akifanya kazi katika kiwanda cha saa cha PT Catur Putra Surya huko Porong, Sidoarjo. Gavana wa Java Mashariki alikuwa amewataka waajiri wapandishe mishahara kwa asilimia 20. Kiwanda kilijivuta. Tarehe 3 na 4 Mei 1993 wafanyakazi waligoma, wakidai ujira wa siku upande kutoka rupia 1,700 hadi 2,250, yaani kiasi cha dola moja hivi ya Marekani kwa kutwa nzima. Tarehe 5 Mei wafanyakazi 13 waliitwa katika kambi ya jeshi ya wilaya, si ofisi ya kazi wala mahkamani, na huko wakalazimishwa kutia saini barua za kuacha kazi. Usiku ule Marsinah alitoka kwenda kuulizia habari za wenzake. Hakurudi. Siku chache baadaye maiti yake ilikutwa Nganjuk, mbali na kiwanda, ikiwa na alama za mateso mazito.

Watu waliofikishwa mahkamani walikuwa hasa wakubwa na wafanyakazi wa kile kiwanda, na wakahukumiwa. Baadaye walieleza kwamba waliteswa mpaka wakakiri, na Mahkama ya Juu ikawaachia huru wote mwaka 1995. Hakuna mwengine aliyeadhibiwa kwa mauaji yale mpaka leo. Munir na wenzake wa LBH waliwatetea wafanyakazi wa kiwanda dhidi ya kiwanda chenyewe, ofisi ya kazi na kamandi ya jeshi ya mkoa. Kesi kama hiyo, katika Indonesia ya mwaka 1994, haikuwa ya kushinda. Lakini kelele zake zilifika mbali, na mwaka huo huo wa 1994 ile amri ya waziri iliyowaingiza askari katika migogoro ya kazi ikafutwa.

Hapa ndipo penye kiini cha maisha ya Munir, na ndipo pa kupatazama kwa makini. Watu huuliza vipi wakili wa mishahara na vibarua aliishia kupambana na makamanda wa jeshi na idara ya ujasusi. Wengine walisema aliacha kazi yake ya asili akafuata siasa. Sivyo. Alikuwa akiifuata kesi ile ile moja mpaka ilipokuwa inampeleka. Aliuliza ujira wa kibarua umezuiwa na nani, akaambiwa tajiri. Tajiri anamtegemea nani? Kambi. Na kambi inamjibu nani? Hakuna. Wakili mwengine angesimama kwa tajiri, apate fidia kidogo, afunge jalada. Munir hakusimama.

Kwa hiyo tunamkuta katika kesi za wakulima wa Nipah, kisiwani Madura, waliopigwa risasi Septemba 1993 kwa kukataa ardhi yao ichukuliwe kwa ajili ya bwawa, wakafa wanne. Tunamkuta akiwatetea vijana wa Timor Mashariki. Tunamkuta na familia za Waislamu waliouawa na jeshi Tanjung Priok, Jakarta, Septemba 1984, tukio ambalo kwa miaka mingi hata kulitaja kwa sauti kulikuwa ni kosa. Machi 1998, Suharto akiwa bado madarakani, alishiriki kuanzisha KontraS, kamati ya kuwatafuta waliopotezwa na kuwatetea waliofanyiwa ukatili. Wanaharakati 23 walikuwa wametekwa katika mwaka 1997 na 1998. Tisa walirudi hai, mmoja alikutwa amekufa, na 13 hawajaonekana mpaka hii leo. Kazi ya KontraS ilisaidia kuifikisha habari hiyo kwa kikosi maalumu cha jeshi, Kopassus. Askari 11 wa kikosi hicho walishtakiwa katika mahkama ya kijeshi, na kamanda wao wa zamani, Prabowo Subianto, aliondolewa jeshini Agosti 1998 baada ya kuhojiwa na baraza la heshima la maofisa. Ndiye Rais wa leo.

Wako waliomchukia Munir kwa sababu hakuchagua wa kumtetea. Alipokuwa na watu wa Tanjung Priok aliitwa mtetezi wa Waislamu wenye siasa kali. Alipoingia katika tume ya kuchunguza mauaji ya Timor Mashariki mwaka 1999 aliitwa msaliti wa taifa. Alipopinga ukatili wa kijeshi Aceh, nchi ya Waislamu watupu, akaambiwa yeye ni adui wa umoja wa nchi. Ofisi ya KontraS ilivamiwa na kuvunjwavunjwa mwaka 2002, na tena mwaka 2003. Sisi Waislamu tunapaswa kulisema hili bila kuficha: mara nyingi tunapenda mtetezi wa haki awatetee wetu peke yao. Lakini aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatutaka tusimamie uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu, awe mtu ni tajiri au ni masikini. Na Mtume (s.a.w.) kabla ya utume alihudhuria mapatano ya Hilful-Fudhul katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an. Sababu ya mapatano yale ilikuwa ni deni: mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen aliuza bidhaa yake Makka kwa mkubwa mmoja wa Kikureshi, naye akakataa kumlipa. Mgeni hakuwa na kabila la kumtetea pale. Wazee wakakubaliana kuwa upande wa aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake, awe ni nani. Baada ya kuja Uislamu, Mtume (s.a.w.) alisema kwamba angeitwa tena kwenye mapatano kama yale, angeitika.

Na tukirudi kwenye ujira hasa, sidhani kama kuna Muislamu wa visiwani asiyeijua hadithi inayoamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Kuna nyengine, iliyopokewa na Bukhari, ambayo hutajwa kwa uchache zaidi misikitini: kwamba Allah (s.w.) mwenyewe atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa watu watatu, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Mas-ala ya mgomo, lini unafaa na lini haufai, tuwaachie masheikh. Hili la kulipa halina khitilafu.

Baada ya Suharto kuanguka Mei 1998, mambo yalibadilika kwa haraka kwa upande wa sheria. Muchtar Pakpahan alitolewa jela mwezi huo huo. Juni 1998 Indonesia iliridhia mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, unaompa mfanyakazi uhuru wa kuunda chama chake, na mwaka 2000 ikatunga sheria ya vyama vya wafanyakazi. Mwaka huo huo Munir alipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden kwa ujasiri wake. Aliendelea kwenda kazini kwa pikipiki. Baadaye aliongoza shirika la Imparsial, lililofuatilia mambo ya jeshi na usalama. Mtu angedhani kwamba hatari imeshapita.

Usiku wa tarehe 6 Septemba 2004 alipanda ndege ya Garuda, shirika la ndege la taifa, kutoka Jakarta kwenda Amsterdam kupitia Singapore. Alikuwa anakwenda Chuo Kikuu cha Utrecht kusomea shahada ya pili ya sheria. Ndani ya ndege hiyo alikuwemo rubani wa Garuda asiyekuwa na zamu, Pollycarpus Budihari Priyanto, aliyempisha Munir kiti chake cha daraja la juu mpaka Singapore. Baada ya kuondoka Singapore, Munir alianza kutapika na kuharisha. Daktari aliyekuwa miongoni mwa abiria alijaribu kumsaidia. Alifariki asubuhi ya tarehe 7 Septemba, saa mbili hivi kabla ya ndege kutua. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Alikuwa na miaka 38, na watoto wawili wadogo.

Uchunguzi wa Uholanzi ulikuta sumu ya arseniki mwilini kwa kiwango cha kuua. Habari ilipotoka Novemba, Bi Suciwati aliletewa nyumbani kifurushi chenye mabaki ya kuku na onyo kwamba asilihusishe jeshi na kifo cha mumewe.

Tazama sasa kesi ilivyokwenda. Disemba 2005 Pollycarpus alihukumiwa miaka 14 kwa mauaji. Oktoba 2006 Mahkama ya Juu ikafuta hatia ya mauaji, ikabakisha miaka miwili kwa kutumia karatasi za kughushi. Januari 2008, baada ya mapitio, mahkama hiyo hiyo ikampa miaka 20. Mwaka 2013 ikapunguza ikawa 14. Novemba 2014 akatolewa kwa masharti, na mwaka 2020 akafariki kwa korona. Mkurugenzi wa zamani wa Garuda, Indra Setiawan, alifungwa mwaka mmoja. Hata mahali sumu ilipotiwa hukumu hazikukubaliana: ya kwanza ilisema ni katika kinywaji ndani ya ndege, ya baadaye ikasema ni mkahawani katika uwanja wa Changi, Singapore.

Muchdi Purwoprandjono, jenerali aliyewahi kuwa naibu mkuu katika idara ya ujasusi na kabla yake kamanda wa Kopassus, alishtakiwa kwa kuamuru mauaji hayo. Upande wa mashtaka ulionesha rikodi za simu nyingi baina ya namba yake na ya Pollycarpus. Yeye alikanusha. Mashahidi kadhaa waliyakana maneno waliyoyasema polisi, na tarehe 31 Disemba 2008 mahkama ilimwachia huru. Kisheria hana hatia, na hivyo ndivyo inavyopasa kuandikwa. Lakini hukumu hiyo haikujibu swali moja la wazi: rubani wa ndege alikuwa na ugomvi gani wake binafsi na wakili wa vibarua?

Jibu huenda limo katika ripoti ambayo haionekani. Disemba 2004 Rais Susilo Bambang Yudhoyono aliunda timu ya kutafuta ukweli, nayo ikakabidhi ripoti yake Juni 2005. Amri ya Rais iliyoiunda timu hiyo ilitaka matokeo yatangazwe kwa umma. Hayakutangazwa. KontraS ilipoidai, mwaka 2016 ofisi ya katibu wa serikali ilijibu kwamba haina ripoti hiyo. Oktoba mwaka huo Kamisheni ya Habari ikaamua kwamba ni haki ya umma na serikali iitangaze. Mwaka 2017 mahkama ikautengua uamuzi huo. Ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais wa nchi mbele ya watu, serikali haijaitangaza mpaka leo.

Kwa upande wa wafanyakazi wenyewe, vita havijaisha bali vimehamia bungeni na mahkamani. Sheria kubwa ya ajira na uwekezaji ya mwaka 2020, iliyolegeza kinga za wafanyakazi, iliwatoa watu barabarani kwa maelfu, na jumuiya mbili kubwa za Waislamu, Nahdlatul Ulama na Muhammadiyah, ziliilalamikia hadharani. Novemba 2021 Mahkama ya Katiba iliiona ina kasoro ya kikatiba. Serikali ikairudisha kwa mlango mwengine, na Oktoba 2024 mahkama hiyo ikaamuru vifungu kadhaa virekebishwe, vikiwemo vya mishahara. Tofauti na mwaka 1993 ni hii: leo mfanyakazi wa Indonesia ana chama, ana wakili, ana mahkama ya kwenda kushitaki. Vitu hivyo vina watu waliovilipia.

Visiwani kwetu kuna familia zenye binti aliyekwenda Oman au Saudia kufanya kazi za nyumbani, na huko jikoni mara nyingi hukutana na dada kutoka Java. Shida zao ni zile zile: paspoti kuwekwa na tajiri, mshahara kucheleweshwa, mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoisoma. Kuna vijana wa mahotelini wanaofanya kazi msimu baada ya msimu bila ya karatasi yoyote. Sheria ipo, kwa Zanzibar ni Sheria ya Ajira namba 11 ya mwaka 2005, na Kituo cha Huduma za Sheria kimekuwepo tangu 1992 kutoa msaada, pamoja na wasaidizi wa sheria katika shehia. Kinachokosekana mara nyingi ni yule mtu wa kwenda kukaa na wafanyakazi usiku baada ya zamu. Mzazi mwenye mtoto anayesomea sheria anaweza kulizungumza naye.

Munir amezikwa Batu, karibu na Malang. Tangu Januari 2007 Bi Suciwati na familia nyengine zilizopotelewa au kuuliwa watu wao husimama kila Alkhamisi mbele ya Ikulu ya Jakarta, wamevaa nguo nyeusi na kushika miavuli myeusi, bila ya fujo. Septemba 2022, siku zilipokaribia kufika miaka 18 ambayo sheria huifunga kesi ya kawaida ya mauaji, Kamisheni ya Taifa ya Haki za Binadamu iliunda timu ya kuchunguza kama kifo hicho kihesabiwe kuwa ni uvunjaji mkubwa wa haki za binadamu, ambao hauna muda wa kumalizika. Rais anayeweza kuitoa ile ripoti hivi sasa ni Prabowo Subianto.